Vabena ya Limau, Mchaichai au Melisa: Mmea Gani Utakufaa?

Sugua jani la mmea wowote kati ya hii mitatu na pua itakuambia limau. Ndiyo maana wengi huchagua kwa pua, kisha baada ya miezi kadhaa wanabaki na chungu cha vijiti vikavu, au na bustani iliyotekwa na mche mmoja waliodhani ni mpole. Ukiiondoa harufu, mimea hii haifanani. Vabena ya limau (Aloysia citrodora) ni kichaka chenye matawi magumu ya mti. Mchaichai (Cymbopogon citratus) ni nyasi. Melisa (Melissa officinalis) ni mmea laini wa jamii ya mnanaa. Kila mmoja una kiu yake, baridi yake unayoiweza, na namna yake ya kufa.

Kabla ya kununua, jibu maswali matatu. Mahali utakapoupanda hupata saa ngapi za jua kamili kwa siku? Usiku wenye baridi kuliko yote, joto hushuka hadi wapi? Na majani utayatumia mabichi au utayakausha? Anayetaka majani makavu yenye harufu nzuri, na ana jua la kutosha, achukue vabena bila kusita. Ila katika hii mitatu ndiyo isiyoeleweka zaidi na ndiyo inayouawa kwa wema mwingi, kwa hiyo tutakaa nayo kwa muda mrefu kuliko wenzake.

Harufu: inafanana puani, si jikoni

Kinacholeta harufu ya limau katika yote mitatu ni kiini kimoja cha mafuta kiitwacho sitrali. Tofauti iko kwenye kiasi na kwenye vilivyochanganyika nacho. Mafuta ya mchaichai kwa kawaida huwa na sitrali asilimia 65 hadi 85, kwa hiyo harufu yake ni kali, ya moja kwa moja, na haishindwi na kuchemshwa. Mafuta ya vabena huwa na sitrali kama theluthi moja tu. Sehemu nyingine ni limonini na viini vingine vinavyoipa utamu na ulaini, na ndiyo sababu chai yake haina ule ukali unaokwaruza ulimi. Melisa yenyewe ina mafuta machache mno, kwa kawaida chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wa jani kavu.

Ukilijua hilo, utajua pia nini kitatokea ukikausha. Jani la vabena likikaushwa vizuri na kufungiwa kwenye chupa mbali na mwanga, hubaki na harufu kwa mwaka mzima na zaidi. Mchaichai mkavu bado unafaa kwa chai, ingawa ule ubichi wake hupungua. Melisa kavu hunuka zaidi kama majani makavu kuliko limau. Anayeipanda melisa apange kuichuma na kuitumia siku hiyohiyo.

Vabena ikaushwe kivulini penye hewa inayopita. Kata matawi asubuhi umande ukishakauka, yafunge mafungu madogo ya matawi matano au sita, yaning'inize kichwa chini. Kwa kawaida siku tatu hadi tano zinatosha. Jani likivunjika kwa sauti kati ya vidole, limekuwa tayari. Likijikunja bila kuvunjika, acha siku moja nyingine, kwa sababu unyevu ukibaki kidogo tu ndani ya chupa utaleta ukungu na utaharibu yote. Ukitumia mashine ya kukaushia, usizidishe nyuzi 40 za Selisiasi: joto likizidi, mafuta ndiyo yanayotangulia kuondoka.

Mezani pia kuna tofauti. Jani bichi la vabena ni gumu na lina mikwaruzo kama msasa, kwa hiyo ama litolewe baada ya kutoa ladha, ama likatwekatwe laini sana. Kwa chai, majani mabichi matano au sita kwa kikombe, maji ya moto juu yake, funika dakika tano. Usilichemshe kwa muda mrefu, maana utamu wake utaondoka na mvuke. Mchaichai ni kinyume: ponda sehemu nyeupe ya chini ya shina, chemsha dakika kumi, na ladha itakuwepo. Melisa peke yake ndiyo unayoweza kuila mbichi kwenye kachumbari au matunda bila kusumbua meno.

Kuna dai moja tunaloliona likirudiwa kila mahali, kwamba ukiweka mmoja wa mimea hii dirishani mbu hawaingii. Mafuta yamefungiwa ndani ya jani, na mmea uliotulia kwenye chungu hautoi ya kutosha kumzuia mbu. Chagua mmea wako kwa sababu nyingine.

Jua na baridi

Vabena asili yake ni Argentina na nchi jirani za Amerika Kusini, kwenye miteremko mikavu yenye jua kali. Inataka saa sita au zaidi za jua kamili. Ikipata pungufu itarefuka kutafuta mwanga, matawi yatakuwa membamba, majani yataachana, na harufu itafifia. Mchaichai, mmea wa Asia ya joto, unataka jua la kiasi hicho hicho. Melisa, iliyotoka pande za Mediterania na Asia ya magharibi, ndiyo pekee itakayofurahia kivuli cha nusu siku. Tena penye jua kali la mchana majani yake hugeuka manjano na kukauka kingo. Kama una baraza lenye jua la asubuhi tu, saa tatu au nne, jibu lako ni melisa na huna haja ya kusoma zaidi kuhusu hizo mbili.

Kwenye baridi mpangilio unageuka kabisa. Mchaichai hupunguza ukuaji joto likishuka chini ya nyuzi 10, na jalidi, yaani baridi inayogandisha umande, inaweza kuuua. Melisa hufa sehemu ya juu, mizizi hulala, na majira ya joto yakirudi huchipua upya hata baada ya baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Vabena iko katikati. Kichaka kilichokomaa, kwenye udongo usiotuamisha maji, huvumilia hadi karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo matawi hufa, ingawa shina likiwa limefunikwa kwa matandazo mazito ya sentimita 15 hivi linaweza kuchipua kutoka chini. Mche mchanga wa mwaka wa kwanza usiujaribu hivyo, uingize ndani.

Hapa ndipo vabena nyingi hutupwa zikiwa hai. Siku zikifupika na baridi ikianza, mmea hupukutisha majani yote na kubaki vijiti vya kijivu. Si ugonjwa, ni usingizi. Tena huchelewa kuamka: mimea mingine ikiwa imeshavaa majani, vabena bado iko uchi. Kabla ya kukata tamaa, kwangua gome la tawi kwa ukucha, mahali padogo tu. Ukiona kijani chini yake, tawi ni zima. Ukiona kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwangue tena, hadi karibu na udongo. Usiing'oe hadi joto liwe limetulia kwa wiki kadhaa na bado hakuna hata jicho moja (mahali tawi linapochipulia) lililovimba.

Penye joto mwaka mzima vabena huenda isipukutike yote, lakini ikikosa maji au ikihamishwa ghafla kutoka jua kali kwenda kivulini hudondosha majani kwa mkupuo. Mara nyingi huchipua tena baada ya wiki chache ukiiacha mahali pamoja. Penye joto na unyevunyevu mzito wa hewa wakati wote, mchaichai ndio utakaokupa raha zaidi. Vabena itaishi, ila utakuwa unapigana na mizizi inayooza.

Maji na udongo, mahali wanapokosea wengi

Mchaichai unataka udongo wenye unyevu muda wote wa kukua. Ukiuacha ukauke, ncha za majani hugeuka kahawia na shina hubaki jembamba, lisilo na ile sehemu nene unayoitaka. Melisa inataka unyevu wa wastani. Ikikosa maji italegea saa chache kisha itasimama tena jioni ukiinywesha, na haiweki kinyongo.

Vabena ni jambo jingine. Inapokuwa na majani na inakua kwa kasi, inywe vya kutosha: tia kidole, na sentimita tatu za juu zikiwa kavu, mwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu, kisha mwaga yote yaliyobaki kwenye sahani. Inapokuwa haina majani haivuti maji. Ukiendelea kuinywesha kama zamani, udongo hubaki tope baridi, mizizi hukosa hewa na kuoza, na utakuja kujua miezi miwili baadaye inaposhindwa kuamka. Wakati wa usingizi mpe kikombe kimoja kila wiki tatu au nne, ili tu mizizi isisinyae. Iweke mahali pa nyuzi 5 hadi 10, hata pakiwa na mwanga hafifu. Kuilazimisha ibaki na majani kwenye chumba chenye joto, hewa kavu na mwanga mdogo ni kuwaalika utitiri, na mmea utatoka hapo umechoka kuliko kama ungelala.

Kwa udongo wa chungu, changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa kupandia na sehemu moja ya mchanga mnene au changarawe ndogo. Chungu kiwe na matundu ya kutosha, na usianze na kikubwa: mche wa kipandikizi uanze kwenye chungu cha sentimita 9 hadi 12, upande hatua moja moja hadi sentimita 30 mmea ukikomaa. Udongo mwingi uliozunguka mizizi michache hukaa na maji yasiyo na mnywaji. Mchaichai hauna tatizo hilo, uanzishe moja kwa moja kwenye chungu cha sentimita 30 na utakijaza.

Mbolea: wakati wa kukua, mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, kila wiki mbili kwa mchaichai, kila wiki tatu au nne kwa vabena. Ukizidisha nitrojeni, vabena itakupa majani makubwa, laini, yenye harufu hafifu. Melisa iliyo ardhini haihitaji zaidi ya koleo moja la mboji kwa mwaka.

Kukata

Vabena isiyokatwa hugeuka fimbo ndefu zenye majani nchani tu. Kwenye ardhi hufika mita mbili hadi tatu. Kwenye chungu, ukiikata, itabaki mita moja hadi moja na nusu. Mche ukifika sentimita 15 hadi 20, bana kilele chake juu ya jozi ya majani ili utoe matawi ya pembeni. Rudia kwa kila tawi jipya. Ukataji mkubwa ni mmoja kwa mwaka, na wakati wake ni baada ya macho kuanza kuvimba, kwa sababu hapo ndipo unapoona lililo hai na lililokufa. Ondoa yaliyokauka yote, kisha punguza yaliyobaki kwa theluthi moja hadi nusu, kila mkato ukiwa juu kidogo ya jicho zima. Usiikate kwa nguvu kabla ya baridi. Chipukizi zitakazotoka hazitakuwa zimekomaa, na baridi ya kwanza itazichoma pamoja na tawi lililozibeba.

Kuchuma ni ukataji mwepesi. Usichume jani moja moja kutoka chini, kata ncha nzima ya tawi yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Utapata majani mengi na mmea utajaa.

Mchaichai hukatwa hadi sentimita 10 au 15 kutoka ardhini mara moja kwa mwaka, ili majani makavu yasirundikane katikati. Vaa glavu na mikono mirefu, kingo zake zinakata ngozi kweli. Kwa jikoni, chagua mashina ya nje yaliyonenepa kama kidole, yakate usawa wa udongo au yanyonge na kuyang'oa.

Melisa ndiyo inayohitaji nidhamu yako. Haitambai kwa mizizi mirefu kama mnanaa. Husambaa kwa mbegu, na huzimwaga nyingi. Machipukizi ya maua yakitokea, kata mmea wote hadi sentimita 5 kutoka ardhini; utarudi mbichi baada ya wiki chache, na utakuwa umezuia mamia ya miche kwenye nyufa za sakafu. Ukijua hutakuwa na muda wa kufanya hivyo, usiipande ardhini, iweke kwenye chungu.

Kuzalisha

Kwa urahisi, mchaichai unaongoza. Shina ulilonunua kwa mapishi, mradi kitako chake hakijakatwa, liweke kwenye glasi yenye maji ya sentimita 3 hadi 5, badilisha maji kila siku mbili, na baada ya wiki mbili au tatu utaona mizizi. Ikifika sentimita 5, panda. Kichaka kikongwe kigawe kila baada ya miaka miwili au mitatu, kila kipande kikiwa na mashina kadhaa na mizizi yake. Melisa huota kwa mbegu zilizonyunyizwa juu ya udongo bila kufukiwa, kwani zinahitaji mwanga. Kwa nyuzi 18 hadi 21 huanza kuota baada ya wiki moja au mbili.

Vabena ni nadra kuzaa mbegu nzuri inapopandwa nyumbani, kwa hiyo tegemea vipandikizi. Chagua tawi changa lisilo na maua, linalopinda bila kuvunjika. Kata sentimita 8 hadi 10 asubuhi, chini kidogo ya kifundo cha majani, na uliweke ndani ya maji papo hapo, maana hunyauka kwa dakika chache. Ondoa majani ya chini, bakiza seti moja au mbili juu, na yaliyo makubwa yapunguze nusu kwa mkasi ili yasipoteze maji. Chomeka kwenye mchanganyiko wa nusu mchanga na nusu vumbi la makumbi ya nazi lililoloweshwa na kukamuliwa. Funika kwa mfuko mwangavu usiogusa majani. Weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja, na fungua mfuko dakika chache kila siku. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu hadi nne. Vuta kwa upole: kikikataa kutoka, kimeshika. Chomeka vitano au sita kwa pamoja, kwa sababu vingine vitaoza hata ukifanya yote sawasawa.

Wadudu na magonjwa

Adui wa vabena, hasa ndani ya nyumba, ni utitiri. Dalili ya kwanza ni vidoa vidogo vya njano juu ya jani, kama limechomwa kwa sindano, kisha utando mwembamba upande wa chini. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, umempata. Ogesha mmea kwa maji yenye msukumo, ukilenga chini ya majani, halafu nyunyiza mchanganyiko wa sabuni ya maji isiyo na manukato, kijiko cha chai kimoja kwa lita moja, jioni. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba mara tatu, kwani mayai hayadhuriki kwa urahisi. Inzi weupe nao hutibiwa hivyohivyo. Osha majani vizuri kabla ya kuyatumia.

Melisa hupata ubwiri unga, ukungu mweupe juu ya majani, ikibanana bila hewa. Dawa ni kuikata hadi chini na kutoa nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche. Mchaichai una kutu, michirizi ya kahawia kwenye majani. Kata yaliyoathirika, yatupe mbali, na mwagilia udongo badala ya majani.

Mwenye kutumia dawa za tezi ya shingo au za usingizi amuulize daktari kabla ya kunywa melisa kila siku. Mwenye paka ajue kwamba paka hupenda kutafuna majani ya mchaichai, na yakizidi humvuruga tumbo.

Unapokwenda kununua

Jina vabena hubebwa pia na maua ya bustani na na mmea wa mwituni, Verbena officinalis, ambavyo havina harufu ya limau hata kidogo. Usinunue kwa jina tu. Vabena ya limau ina majani membamba, yenye ncha, marefu kama sentimita 8, yaliyopangwa matatu matatu, pengine manne, kuzunguka shina. Sugua moja ujiridhishe. Kwa mchaichai tazama kitako: kikiwa chekundu huenda ni ndugu yake wa sitronela, ambaye hutumika kwa sabuni na mafuta, si kwa chai. Melisa isukume kidogo kwenye chungu chake na ukague kama chini ya majani pana unga mweupe.

Mwenye dirisha lenye jua na subira ya kuvumilia vijiti vitupu kwa miezi kadhaa achukue vabena. Mwenye joto mwaka mzima na jiko linalochemsha chai ya mkandaa kila siku achukue mchaichai. Mwenye kivuli na baridi kali achukue melisa. Na penye nafasi ya vyungu viwili, vabena na mchaichai hukaa vizuri kwenye jua moja, ila visimwagiliwe kwa ratiba moja.